Nyaraka za Baraza la Chuo cha Makerere: jinsi ya kuzitafuta, kuzisoma na kuzitumia

Anayetaka kujua kilichoamuliwa Makerere mwaka 1949 au 1952 kwa kawaida hufikiria kwanza safari ya Kampala. Kampala utafika tu, lakini si lazima uanzie huko. Baraza lililoendesha chuo kile kabla ya uhuru halikuwa la Uganda peke yake. Kenya, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na viti, zilitoa fedha na zilipeleka vijana wao. Muhtasari wa kila kikao ulipigwa chapa, ukarudufiwa kwa stenseli, ukatumwa kwa wajumbe, kwa makatibu wakuu wa serikali nne, na mingine hadi London. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Usimtafute tu aliyeandika muhtasari. Mtafute aliyeupokea.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili, mwalimu wa historia, mwandishi wa habari, au mtu anayetafuta tu habari za mzee wake. Kwa huyu wa mwisho niseme mapema: rekodi ya mwanafunzi mmoja mmoja, yaani matokeo, kozi na mwaka wa kuhitimu, ilikaa kwa msajili wa chuo. Baraza lilimtaja mwanafunzi kwa jina pale tu alipoleta kesi kubwa, au baadaye alipopewa kazi.

Hatua ya 1: Jua nani alikuwa na mamlaka, na lini

Wengi hupoteza wiki nzima hapa. Wanaagiza mafaili ya Baraza la mwaka ambao Baraza lenyewe halikuwapo.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kwa miaka mingi ya mwanzo ilikuwa chini ya serikali ya Uganda, kupitia idara yake ya elimu. Maamuzi ya wakati huo hayamo kwenye mihutasari ya Baraza lolote. Yamo kwenye mafaili ya Sekretarieti ya Entebbe, yaani ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, na kwenye barua za gavana kwenda Wizara ya Makoloni.

Mambo yalibadilika baada ya Tume ya De La Warr ya mwaka 1937, iliyopendekeza Makerere iwe chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima, chenye uongozi wake na mfuko wake. Kuanzia hapo ndipo unapoweza kutafuta Baraza kama chombo kinachojitegemea. Mwaka 1945 Tume ya Asquith ilitoa ripoti kuhusu elimu ya juu katika makoloni, mwaka 1946 likaundwa Inter-University Council kule Uingereza la kuvishauri vyuo vya makoloni, na mwaka 1949 Makerere ikaingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mitihani na shahada zikawa za London. Matokeo yake kwa mtafiti ni kwamba jambo la kitaaluma la miaka ya 1950 lina nyayo sehemu mbili, Kampala na London.

Kisha kuna kipindi kinachowachanganya hata wazoefu. Tarehe 29 Juni 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo, na Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikawa vyuo vishiriki vyake. Sasa kuna Baraza la chuo kikuu na Baraza la kila chuo kishiriki. Ukikuta katika barua ya mwaka 1965 maneno “Baraza limeamua”, usiandike lolote mpaka uone kichwa cha barua. Tarehe 1 Julai 1970 muungano huo ulivunjika na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake.

Chora mstari wa miaka kwenye karatasi moja na uende nao kila mahali. Chini ya kila kipindi andika jina rasmi la chuo wakati huo, kwa sababu katalogi hufuata jina la wakati ule na si la leo. Kwa miaka ya baada ya 1949, kwa mfano, jaribu “Makerere College” na “University College of East Africa”, yote mawili.

Hatua ya 2: Tenganisha Baraza na Seneti

Fupi lakini muhimu. Baraza lilishika fedha, ardhi, majengo, ajira na sheria za chuo. Mitaala, mitihani na sifa za kujiunga zilikuwa za wanataaluma wenyewe, kupitia chombo chao ambacho leo huitwa Seneti. Swali lako likiwa “kwa nini kozi fulani ilifutwa”, anza kwa wanataaluma. Likiwa “nani alilipia bweni” au “kwa nini mhadhiri fulani hakuongezewa mkataba”, anza na Baraza. Maswali mengi mazuri yapo katikati, hasa kozi iliyokubaliwa na walimu ikafia kwenye kamati ya fedha.

Liandike swali lako kwa sentensi moja yenye mwaka wa kuanzia na mwaka wa kumalizia. Mhudumu wa nyaraka hawezi kukusaidia ukimwambia unatafuta “historia ya Makerere”.

Hatua ya 3: Fuata nakala zilikokwenda

Anza Kampala kwa maandalizi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere ina mkusanyiko wa Afrikana, yaani maandishi kuhusu Afrika, ambako mtafiti huanzia kutafuta machapisho ya chuo, yakiwamo kalenda za mwaka na ripoti za wakuu wa chuo. Kalenda hizo zinachosha kusoma, lakini ni hazina: kwa kawaida zina majina ya wajumbe wa Baraza na nani alimwakilisha nani. Pata orodha hiyo kabla ya kugusa muhtasari wowote. Mihutasari yenyewe ni mali ya ofisi ya katibu wa chuo, na ruhusa ya kuiona huombwa huko. Kumbuka pia kwamba Jengo Kuu la Makerere, lililojengwa mwaka 1941, liliungua usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020. Ndani yake mlikuwa na ofisi za utawala na fedha. Jengo limekarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2024, lakini kabla ya kukata tiketi andika barua uulize ni majalada ya miaka gani yanayopatikana.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uganda, iliyokuwa Entebbe kwa miaka mingi, sasa iko Wandegeya, hatua chache tu kutoka chuoni. Humo ndimo mlimo na mafaili ya Sekretarieti, na ndiyo njia kuu ya kuiona Makerere kabla haijawa na Baraza lake.

Sasa upande wa waliopokea. Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya iko katika jengo la zamani la Bank of India, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Tafuta mafaili ya wizara na idara ya elimu, kisha ya hazina. Hazina ndiko kwenye utamu: serikali iliyoombwa pesa na Baraza iliuliza maswali makali kuliko mjumbe yeyote aliyekaa kikaoni. Ukiwa Amerika Kaskazini, Chuo Kikuu cha Syracuse kule New York kina filamu ndogo (mikrofilamu) za sehemu kubwa ya nyaraka za Kenya, na zitakuokolea nauli.

Dar es Salaam, nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga. Mafaili ya Sekretarieti ya Tanganyika yamepangwa kwa namba tupu, kwa hiyo utahitaji orodha ya ukumbini ili kujua namba ipi ni elimu ya juu na ipi ni ya barabara. Mkusanyiko wa East Africana katika maktaba ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utakupa ripoti zilizochapishwa, na ndiyo sehemu ya kwenda kwa kipindi cha 1961 hadi 1970, Dar es Salaam ilipokuwa na chuo chake. Zanzibar, Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, na mafungu yake hutambulishwa kwa herufi mbili. Fungu AB ndilo la Sekretarieti ya Waingereza. Usilidharau kwa udogo wa kisiwa. Serikali inayopeleka wanafunzi wachache ina muda wa kuandika barua ndefu juu ya kila mmoja wao.

Uingereza, Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, ina mafungu manne ya mafaili ya kuanzia: CO 536 kwa Uganda, CO 822 kwa Afrika Mashariki kwa ujumla, BW 90 kwa Inter-University Council, na FCO 141, ambalo ni yale mafaili yaliyoondolewa kimyakimya wakati wa uhuru na kufunguliwa kwa wasomaji kuanzia mwaka 2012. Katalogi yake iko intaneti na haina malipo, kwa hiyo sehemu hii unaweza kuianza leo ukiwa nyumbani. Oxford, katika maktaba za Bodleian, zipo karatasi za Margery Perham, aliyekuwa mjumbe wa Tume ya Asquith. Karatasi za mtu binafsi hukupa kile ambacho muhtasari haukupi kamwe, yaani alichomwambia rafiki yake baada ya kikao.

Kwa miaka ya 1960, usiwasahau wafadhili wa Marekani. Taasisi ya Rockefeller ilitia fedha nyingi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na nyaraka zake ziko Sleepy Hollow, New York. Za Carnegie Corporation ziko Chuo Kikuu cha Columbia. Mfadhili hupenda kuambatishiwa kila kitu, na huhifadhi kila karatasi.

Hatua ya 4: Vibali

Kwa utafiti rasmi utapitia taasisi ya serikali inayotoa vibali vya utafiti: Tanzania ni COSTECH, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST. Anza mapema, na uliza kwanza hifadhi husika kama raia anayesoma siku chache anahitaji kibali kizima au barua ya utambulisho inatosha. Barua hiyo iwe na kichwa cha taasisi, muhuri, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, na sentensi yako ya utafiti. Barua isiyo na muhuri itakurudisha nyumbani, hata ikiwa imesainiwa na profesa mwenyewe.

Kuhusu umri wa nyaraka, Kenya na Tanzania hufuata kanuni ya miaka 30, na Uingereza ilishuka hatua kwa hatua kutoka 30 hadi 20 kuanzia 2013. Hiyo ni kwa nyaraka za serikali. Baraza la chuo si wizara, hivyo chuo chenyewe kinaweza kuwa na masharti yake. Wasilisha ombi kwa katibu wa Baraza kwa maandishi, taja miaka, na useme wazi kama utapiga picha. Tanzania na Kenya zina sheria za kupata taarifa za mwaka 2016, na Uganda ya mwaka 2005. Zitumie mwishoni, baada ya maombi ya kawaida kushindikana. Ukianza nazo, watu wa masijala watakuona umekuja kwa shari.

Hatua ya 5: Ukiwa ndani ya chumba cha kusomea

Penseli, si kalamu. Simu yenye nafasi ya kutosha, chaja, na karatasi nyeupe kadhaa. Karatasi nyeupe ni kwa ajili ya nakala za kaboni: zile karatasi nyepesi zinaonyesha maandishi ya ukurasa wa chini, na ukipachika nyeupe nyuma yake picha inasomeka.

Piga picha ya jalada la nje kwanza, kisha kila ukurasa kwa mpangilio, hata usiokupendeza. Mpangilio wa faili ni ushahidi. Barua iliyowekwa nje ya zamu yake inaweza kuonyesha ilichelewa kujibiwa, au ilifichwa kwenye faili jingine ikarudishwa. Usizipange upya, hata kama kwa macho yako zimechanganyika.

Soma pia madokezo ya ndani, yale maandishi ya mkono ambayo maofisa waliandikiana ndani ya faili kabla ya barua rasmi kutoka. Barua itasema serikali “inalitafakari kwa makini” pendekezo la Baraza. Dokezo litasema ofisa hakulipenda tangu aya ya kwanza.

Hatua ya 6: Kuusoma muhtasari wenyewe

Muhtasari wa Baraza umeandikwa ili usigombanishe mtu. Katibu mzuri huondoa sauti, hasira na majina, akabakiza uamuzi. Ukiusoma kama hadithi utaona kila mtu alikubaliana na kila mtu. Kwa hiyo usome kwa vipande.

Anza na mahudhurio. Nani yupo, nani ametoa udhuru, nani ni mwalikwa tu asiye na kura. Linganisha na ile orodha ya wajumbe kutoka kwenye kalenda. Mjumbe wa Kenya asipohudhuria vikao viwili mfululizo wakati ada inajadiliwa, hilo ni swali la kupeleka Nairobi. Angalia pia nani aliingia katikati ya ajenda na nani aliondoka.

Kisha yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka vikao vilivyopita. Hapa ndipo penye nyama. Ajenda kuu inaonyesha chuo kilitaka kuonekanaje. Yatokanayo yanaonyesha kilichoshindikana. Jambo linalorudi kwenye yatokanayo kikao baada ya kikao lina mtu anayelizuia. Litengenezee jedwali: tarehe ya kikao, namba ya kipengele, lilivyoelezwa, nani alipewa kazi. Baada ya safu tano au sita utaona maneno yakibadilika polepole, kutoka “litekelezwe” hadi “lizingatiwe” hadi kupotea kabisa. Hakuna kikao kitakachoandika kwamba jambo limeuawa.

Tofautisha vitenzi. Baraza “kupokea” ripoti si kuikubali. “Kuzingatia” ni kulisikia jambo. “Kuamua” tu ndiko kunakomfunga mtu. “Kurudisha kwenye kamati” mara nyingi ni kukataa kwa heshima. Waandishi wengi wa historia za vyuo wameandika kwamba Baraza lilipitisha kitu, kumbe lilikipokea tu.

Viambatisho sasa. Muhtasari ukitaja karatasi yenye namba, hiyo karatasi ni muhimu kuliko muhtasari. Ndani yake mna hesabu, barua za malalamiko, mapendekezo yaliyokataliwa. Mara nyingi viambatisho hivyo vilifungwa kando au vilipotea, na hapo ndipo hatua ya 3 inapolipa: nakala iliyokosekana Kampala inaweza kuwa imekaa salama ndani ya faili la hazina ya Tanganyika, kwa sababu kule mtu aliihitaji kuidhinisha malipo.

Kwenye fedha, kumbuka shilingi 20 za Afrika Mashariki zilikuwa pauni 1, na kwamba kuanzia mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa sarafu yake. Tarakimu za bajeti za chuo cha pamoja baada ya hapo zisome kwa uangalifu. Kwenye mishahara, ujue muktadha: Tume ya Holmes ya 1947–48 ilipendekeza wasio Wazungu katika utumishi wa serikali za Afrika Mashariki walipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu, na Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyopendekeza ngazi za rangi ziondolewe. Baada ya hapo tofauti haikuisha. Ilihamia kwenye posho ya watumishi wa kutoka ng'ambo. Kwa hiyo usitafute neno “rangi” kwenye karatasi za mishahara. Tafuta posho, nyumba, likizo na nauli.

Kipengele cha Mengineyo, mwishoni mwa ajenda, huwa na mistari michache, lakini kipitie. Jambo lililokuja ghafla bila karatasi huingizwa hapo.

Na mambo ya siri: ajira za wakubwa, nidhamu, kesi. Hayo hufungwa kando. Ukiona namba za vipengele zinaruka, kwa mfano kutoka 14 hadi 17, usidhani karatasi imepotea. Uliza kama kuna kitabu cha pili.

Hatua ya 7: Fanya jaribio kwa tukio moja

Kabla ya kuingia kwenye mada yako pana, chagua tukio lenye tarehe. Mgomo wa wanafunzi wa Makerere wa mwaka 1952 unafaa. Wanafunzi walisusia kwa sababu ya chakula cha bwalo, baadhi wakafukuzwa, akiwamo Abu Mayanja, ambaye baadaye alisoma Cambridge na akawa mwanasiasa mashuhuri wa Uganda.

Fuatilia hivi. Tafuta kikao cha Baraza kilichofuata mgomo na ripoti ya mkuu wa chuo, wakati huo Bernard de Bunsen. Andika maneno anayotumia kueleza chanzo. Rudi nyuma miaka miwili au mitatu kwenye yatokanayo na kamati ya fedha, utafute jikoni, bwalo na gharama ya kumlisha mwanafunzi kwa siku. Kama malalamiko yalikuwapo kabla, ndiko yatakakojitokeza. Kisha nenda CO 822 uone gavana aliliandikaje London, na katika mafaili ya Dar es Salaam na Nairobi uone kama serikali zilizowadhamini waliofukuzwa ziliuliza chochote. Mwisho soma magazeti ya wiki hizo. Ukishazipanga sauti hizi nne sambamba, utajua ni ipi inayosema chakula na ipi inayosema siasa, na utakuwa umejifunza mwandiko wa chombo chako kuliko kozi yoyote ingekufundisha.

Hatua ya 8: Kuhifadhi, kunukuu, kulinda watu

Kila picha ipewe jina lenye hifadhi, namba ya faili na ukurasa, siku hiyohiyo kabla ya kulala. Mfano: Kew_CO822_namba ya faili_uk012. Picha zinazoitwa IMG zitakuwa takataka ndani ya mwezi mmoja. Weka nakala sehemu mbili.

Unaponukuu, taja chombo (Baraza la chuo, Baraza la chuo kikuu, au kamati), tarehe ya kikao, namba ya kipengele, kisha hifadhi na namba ya faili ulikoiona. Ukisoma nakala ya Zanzibar, taja Zanzibar, hata kama unajua ile ya asili iko Kampala. Huenda nakala ina maandishi ya pembeni ambayo ya asili haina.

Na angalia kama muhtasari ulithibitishwa. Rasimu na ule uliosainiwa na mwenyekiti katika kikao kilichofuata vinaweza kutofautiana. Sentensi iliyofutwa kati ya hizo mbili ni ya kuifuatilia.

Usichapishe majina ya watu binafsi kwenye kesi za nidhamu, ugonjwa au madeni. Wengi wao wana watoto na wajukuu walio hai, na hifadhi moja ikilalamikiwa kwa sababu yako, mtafiti anayekuja baada yako ndiye atakayefungiwa mlango. Waliokuwa viongozi wa umma ni jambo jingine, mradi unachoandika kinahusu kazi yao ya umma.

Ukimaliza, tengeneza orodha ya kila muhtasari uliouona, tarehe yake na mahali ulipo, na uitume kwa maktaba ya Makerere. Ukipata kikao ambacho Kampala hawana nakala yake, waandikie namba kamili ya faili ili waweze kuagiza nakala wenyewe.